Watoto Wametazama Mchezo wa Kuigiza. Kesho Yake Darasani Wafanye Nini?

Msimu wa mashindano ya drama ya shule na vyuo unapofika, utawaona watoto wa chekechea barabarani, wameshikana mikono wawili wawili, wakielekea shule ya upili ya jirani kutazama mazoezi. Shule nyingine hukodi basi na kuwapeleka ukumbi wa kijamii mjini. Kwingine kikundi cha waigizaji huja chenyewe na kucheza chini ya mwembe. Watoto hucheka, hupiga makofi, mmoja au wawili hulia. Halafu hurudi darasani na mwalimu huwaambia wafungue vitabu vya hesabu.

Makala haya yanahusu kile kinachopotea hapo. Mzazi aliyetoa nauli ana haki ya kuuliza mtoto wake alipata nini zaidi ya siku moja nje ya darasa, na mwalimu anastahili kuwa na jibu. Sehemu kubwa ya jibu hilo haiko ukumbini. Iko katika vipindi viwili vitatu vya siku zinazofuata, na vipindi hivyo havihitaji pesa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la kaunti linajishughulisha na mambo ya darasani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti elimu ya shule ya awali, na jedwali hilo hilo limezikabidhi shughuli za utamaduni, maktaba na burudani za umma. Mtoto wa PP2 anayetazama igizo katika ukumbi wa umma yuko mikononi mwa kaunti kwa pande zote mbili. Kuanzia Gredi ya 1 jukumu ni la serikali ya kitaifa na walimu wa shule za umma huajiriwa na TSC, lakini watoto ni wale wale, mara nyingi katika ua mmoja, na mengi yaliyoandikwa hapa yanawafaa hadi Gredi ya 3.

Abunuwasi na sufuria

Tutumie mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Tuseme watoto wametazama kisa cha Abunuwasi na sufuria, ambacho wengi wetu tulisimuliwa na nyanya zetu. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake na kumwambia jirani kwamba ile kubwa imezaa. Jirani anafurahi na kuzichukua zote mbili bila kuuliza swali. Baadaye Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Akiulizwa, anasema sufuria imekufa. Jirani anakwenda kushtaki, na hapo ndipo anaambiwa kwamba aliyekubali sufuria kuzaa hana budi kukubali sufuria kufa.

Jina la Abunuwasi lilitokana na mshairi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, lakini yule wa hadithi zetu amekaa pwani na bara ya Afrika Mashariki hadi akawa mwenyeji kabisa. Kisa chake kinafaa watoto wadogo kwa sababu ni kifupi, kina watu wachache, vifaa vyake viko katika kila jikoni, na kina swali gumu ndani yake ambalo tutalifikia.

Anza na walichokiona

Swali ambalo watu wazima hukimbilia ni, "Mmejifunza nini?" Mtoto wa miaka mitano akiulizwa hivyo hutafuta jibu ambalo mwalimu anataka kulisikia. Atasema amejifunza tuwe na tabia nzuri. Darasa zima litarudia jibu hilo kwa sauti ya pamoja, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Waulize kwanza mambo ya macho na masikio. Uliona nini jukwaani? Ulisikia sauti gani? Ni wapi ulicheka? Ni wapi uliogopa? Yule jirani alikuwa amevaa nini? Mtoto anayenyamaza kila siku anaweza kukushangaza kwa kukumbuka kwamba kofia ya kadhi ilianguka na akaiokota haraka. Hilo ni jibu kamili. Mpongeze, kisha muulize kama anadhani kofia ilianguka kwa makusudi.

Lugha ni jambo la kuangaliwa hapa. Mtaala wetu unaruhusu lugha ya eneo itumike katika chekechea na katika gredi tatu za mwanzo. Igizo linaweza kuwa lilichezwa kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini mtoto akitaka kulisimulia kwa lugha ya nyumbani, mwache. Kinachotafutwa ni mtiririko wa kisa: nani alifanya nini, kikafuata nini, kwa sababu gani. Msamiati wa Kiswahili utakuja kidogo kidogo mwalimu anaporudia maneno ya mtoto: sufuria, kuazima, jirani, kushtaki. Darasa likimaliza wiki likijua tofauti ya kuazima na kuazimwa, mwalimu huyo amefanya kazi.

Baada ya mazungumzo huja mpangilio. Chora picha tatu kubwa, au waambie watoto wazichore: sufuria moja, sufuria mbili, mkono mtupu. Zianike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zikiwa zimevurugwa. Watoto wazipange upya na kusimulia. Shule isiyo na karatasi itachora kwa kijiti mchangani na watoto watahama kutoka mchoro mmoja hadi mwingine wakisimulia kwa miguu. Kwa maoni yangu njia hii ya mchanga ni bora kuliko ya karatasi, kwa sababu mwili wote unakumbuka.

Miili kabla ya maneno

Si kila mtoto atasimama mbele ya wenzake na kuzungumza. Ndiyo maana zoezi la sanamu ni mahali pazuri pa kuanzia uigizaji wenyewe. Mwalimu anasema, "Kuwa jirani aliyeletewa sufuria mbili." Anapiga kofi moja na darasa zima linaganda. Hakuna anayesema neno. Mwalimu anapita katikati yao: huyu ametoa macho, yule amekumbatia sufuria ya hewa kifuani, mwingine anatazama huku na huku kama mtu anayeogopa kuonekana. Kisha, "Sasa kuwa jirani yule yule siku aliyoambiwa sufuria imekufa." Kofi. Nyuso zinabadilika.

Zoezi hili huchukua dakika tano. Linamfaa mtoto mwenye haya, mtoto asiyesikia vizuri na mtoto ambaye lugha ya darasa bado ni ngeni kwake. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu huganda kwa uso na mikono kama wenzake. Mwalimu akitaka kusonga mbele, humgusa mmoja begani, naye aliyeguswa husema neno moja tu ambalo mhusika wake analiwaza.

Zoezi la pili ni kiti cha mhusika. Weka kiti mbele ya darasa. Atakayekikalia si Mwanaisha tena wala Kiprono, ni Abunuwasi. Watoto wengine wanamuuliza maswali. Mara ya kwanza ni vyema mwalimu mwenyewe akae, ajifunge leso kichwani au avae kofia ili watoto waone kwamba amegeuka, na akiivua waone kwamba amerudi. Maswali huanza kwa woga, kisha hushika kasi. Uliipeleka wapi sufuria? Mke wako alijua? Jirani alikukosea nini? Mwalimu hujibu kama Abunuwasi angejibu, kwa ujanja, bila kuwahubiria.

Nimewahi kuketi nyuma ya darasa moja la aina hii kwa kazi ya kupiga picha. Kilichonishangaza ni jinsi watoto walivyouliza maswali ambayo wanahabari tungeyasahau. Mmoja alitaka kujua sufuria ndogo ilinunuliwa kwa pesa ngapi, kwani kama ilinunuliwa, basi Abunuwasi alitumia pesa zake kudanganya.

Swali gumu

Na hapo tunafika. Mapema au baadaye mtoto atauliza: mbona Abunuwasi alisema uongo na hakuadhibiwa?

Usilikimbie swali hilo. Mtoto anayeuliza hivyo ameelewa igizo kuliko anayesema tuwe na tabia nzuri. Walimu wengine hulimaliza kwa kusema kwamba kudanganya ni dhambi, wengine kwa kusema kwamba jirani alikuwa mwenye tamaa na alistahili. Majibu yote mawili yana ukweli wake, ila yakitolewa na mwalimu katika dakika ya kwanza, hakuna mtoto atakayefikiri tena.

Afadhali agawanye darasa kwa miguu. Wanaodhani Abunuwasi ndiye aliyekosea wasimame karibu na mlango. Wanaodhani ni jirani wasimame karibu na dirisha. Wasioamua wabaki katikati, na mwalimu aseme wazi kwamba kubaki katikati si kosa. Kila upande utoe sababu, na anayebadili mawazo aruhusiwe kuhama. Watoto wa chekechea watahama kumfuata rafiki, jambo la kawaida. Wa Gredi ya 2 na 3 huanza kuhama kwa sababu wamesikia hoja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini 2019 kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3, unaweka kufikiri kwa kina na mawasiliano miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Hakuna haja ya kununua kitabu kingine cha kufunza hayo ilhali mlango na dirisha vipo.

Zoezi linalofuata kwa urahisi ni mwisho mwingine. Je, kama jirani angesema siku ile ya kwanza, "Sufuria haizai, chukua hii ndogo yako"? Watoto wagawanywe vikundi vya wanne au watano na kila kikundi kicheze mwisho wake kwa dakika mbili. Vikundi vingine vitaleta polisi, kwa maana watoto wetu huleta polisi katika kila hadithi. Kingine kitawapatanisha majirani kwa chai. Mwalimu asichague mshindi.

Vifaa, na malalamiko ya wazazi

Tuseme ukweli. Wazazi wengi wamechoka. Tangu mtaala huu uanze wametumwa saiba usiku kuchapisha picha za rangi, wakanunua manila, gundi na kalamu ambazo zilitumika mara moja. Kwa hiyo mwalimu anayepanga shughuli za baada ya igizo asitume orodha ya ununuzi nyumbani. Igizo halihitaji.

Vikaragosi hutengenezwa kwa soksi iliyopoteza mwenzake, kwa magunzi ya mahindi yaliyovishwa kitambaa, kwa majani makavu ya mgomba, kwa boksi la sabuni. Macho ni mbegu au vifuniko vya chupa, lakini tahadhari: kwa watoto wa PP1 vitu vidogo huishia mdomoni au puani, kwa hivyo wachorewe macho kwa makaa badala ya kubandikiwa. Kwa sufuria yenyewe, azima jikoni mwa shule. Watoto watafurahi zaidi kuwa waliiazima kweli, na waliirudisha.

Sauti nazo ni somo. Waulize waigizaji walitoaje sauti ya mvua au ya mlango, kisha wajaribu: mchele kwenye kopo, vidole vikigonga dawati polepole kisha haraka, karatasi ikikunjwa karibu na sikio. Kayamba ikipatikana, vizuri. Hesabu pia inaingia bila kulazimishwa: sufuria moja na moja, kubwa na ndogo, iliyopungua, iliyobaki. Gredi ya 3 wanaweza kuandika barua fupi kwa waigizaji yenye mambo mawili, sehemu waliyoipenda na swali moja. Wa PP watachora, na mwalimu ataandika chini ya mchoro maneno ambayo mtoto ameyasema, kama alivyoyasema, makosa na yote. Michoro na barua hizo ndizo zinazoingia kwenye jalada la kazi za mtoto. Zinaonyesha maendeleo yake kuliko picha iliyochapishwa saiba.

Kipindi kimoja katika gredi za chini ni dakika 30. Usijaribu haya yote kwa siku moja. Mazungumzo na picha za kamba siku ya kwanza, sanamu na kiti siku ya pili, mlango na dirisha siku ya tatu. Vikaragosi vinaweza kungoja Ijumaa.

Mtoto aliyeogopa

Mtoto mdogo hatenganishi kirahisi jukwaa na ukweli. Zimwi lenye barakoa na sauti nzito linaweza kumfuata hadi kitandani. Kumwambia "hakuna kitu pale, acha woga" hakusaidii, kwa sababu yeye alikiona. Kinachosaidia ni kumwonyesha jinsi kilivyotengenezwa. Kama inawezekana, waigizaji wabaki dakika kumi baada ya mchezo, wavue barakoa mbele ya watoto na wawaruhusu kuigusa. Kama haikuwezekana, darasa litengeneze barakoa yake ya boksi kesho yake, na yule aliyeogopa awe wa kwanza kuivaa, ila akitaka mwenyewe.

Kuna woga wa aina nyingine, na hapa mwalimu na mzazi wawe makini. Baadhi ya maigizo hugusa kipigo, ulevi au mtu mzima anayemtendea mtoto mabaya. Mtoto anaweza kuganda, kulia kupita kiasi, au kusema katikati ya mazungumzo, "Hata kwetu iko hivyo." Usimhoji mbele ya darasa na usimgeuze kuwa mhusika wa zoezi. Mshukuru kwa kusema, endelea na wengine, kisha zungumza naye faraghani kwa utulivu. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mjulishe mwalimu mkuu na afisa wa watoto. Nambari ya simu ya kitaifa ya kuwasaidia watoto ni 116. Haitozwi malipo na hupokewa mchana na usiku. Mtoto, mzazi, mwalimu au jirani yeyote anaweza kuipiga.

Kuchagua igizo

Mengi ya matatizo hayo huepukika kabla ya safari. Vikundi vya waigizaji huzunguka nchini vikicheza vitabu teule vya shule za upili, na shule za msingi hualikwa ili ukumbi ujae. Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, ni kazi nzuri, lakini ulevi wa mume na maradhi ya mke ndani yake vimeandikiwa vijana, si watoto wa miaka sita. Mwalimu aulize mapema igizo linahusu nini, linachukua muda gani, na kama kuna milio mikubwa au giza la ghafla. Kwa watoto wa chekechea, nusu saa hadi dakika 40 zinatosha. Zaidi ya hapo wataanza kuulizia choo, na wana haki.

Si lazima kusafiri mbali. Jumba la Kitaifa la Maonyesho lililofunguliwa Nairobi mwaka wa 1952 lina heshima yake, lakini kwa shule nyingi za kaunti nauli ya kufika huko ingenunua mikeka ya darasa. Shule ya upili ya jirani inayojiandaa kwa mashindano inahitaji watazamaji, na watoto wako wanahitaji igizo. Mwalimu mkuu mmoja akizungumza na mwenzake, gharama inabaki ni viatu.

Wazazi watumiwe ujumbe siku moja kabla, wakielezwa kisa kwa sentensi mbili, ili jioni wajue la kuuliza. Mzazi naye anaweza kumwomba mtoto acheze sehemu moja jikoni akitumia sufuria iliyopo, ikiwa haipo motoni.

Jambo la mwisho ni picha. Simu hutolewa kila mahali watoto wanapocheza kwenye jukwaa, na picha hufika Facebook kabla ya watoto kufika nyumbani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Shule ichukue idhini hiyo kwa maandishi mwanzoni mwa muhula, na ambaye mzazi wake amekataa akae mahali ambapo kamera haitamfikia bila kutengwa na mchezo. Sisi wa ofisi ya mawasiliano ya kaunti tunafungwa na sheria hiyo hiyo, na ndiyo sababu picha zinazoandamana na makala haya ni za vikaragosi peke yake.